Mgomo wa Bi Vifuniko

Kiwandani kwetu tunatengeneza ndoo za plastiki. Kila ndoo ina kifuniko, na kwa miaka ishirini na tisa kila kifuniko kilipita mikononi mwa mama mmoja tuliyemwita Bi Vifuniko. Hata waliowahi kulijua jina lake halisi walikuwa wamelisahau. Kazi yake ilikuwa kuchukua kifuniko, kukibana juu ya ndoo, kukigonga mara mbili kwa kiganja na kusikiliza. Kikisema "pu", kizima. Kikisema "pwa", anakitupa kwenye kapu la kuyeyushwa bila kukitazama mara ya pili. Mimi nilikuwa meza ya jirani, nafunga vishikio, na ukweli ni kwamba mpaka leo sijawahi kusikia tofauti kati ya pu na pwa. Yeye aliisikia hata akiwa katikati ya umbea.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kukatia kuni, na goti la kulia ambalo halikuwa likimtii. Meneja wa zamani, yule aliyestaafu, alikuwa mtu wa makelele. Akikukuta umekosea anakusema mbele ya mashine zote, na mashine zikinguruma anazipita. Lakini goti la Bi Vifuniko alijua ni la upande gani. Lilipoanza kumsumbua alimwita ofisini akampa barua. Niliiona hiyo barua, maana hakuna ambaye hakuonyeshwa. "Mtajwa hapo juu ameruhusiwa kutumia kiti kimoja (1) chenye mgongo, mahali pake pa kazi, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo." Chini sahihi, na juu ya sahihi muhuri wa rangi ya zambarau.

Aliitia kwenye nailoni akaihifadhi kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Mumewe ni fundi viatu, anafanyia kazi barazani kwao, nyumba ya pili kutoka kwangu. Siku moja alimuuliza mkewe, nyumba ikishika moto, ataokoa ipi kwanza kati ya karatasi hizo mbili. Bi Vifuniko akamwambia asiulize maswali yatakayomharibia chakula cha jioni.

Basi akaja meneja mpya. Kijana wa miaka thelathini na kitu, suruali fupi kwenye vifundo, moyo safi kabisa, tuseme ukweli. Siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Mambo vipi, timu? Msiniite bosi. Hapa hakuna bosi." Wazee wakatazamana. Mtu akikaa mwisho wa korido kwenye chumba chenye kiyoyozi na hataki kuitwa bosi, unamwitaje? Kufikia mchana alikuwa ameshapata jina: Msiniite. Bi Vifuniko, ambaye hakuweza kumtaja mkubwa wa kazi bila cheo, akawa anamwita Bosi Msiniite, na kijana wa watu akawa anatabasamu tu.

Msiniite aliondoa king'ora cha asubuhi, cha chai na cha kufunga. Akaondoa kadi za mahudhurio. "Njooni mnapojisikia," alisema. "Mimi naangalia matokeo, siangalii saa."

Bi Vifuniko alinyoosha mkono. "Sasa nikichelewa, bosi, nitakuwa nimechelewa nini?"

"Hutakuwa umechelewa, mama. Ndiyo raha yake."

"Na nikiwahi?"

Msiniite akafikiri. "Hutakuwa umewahi pia."

Nilimwona Bi Vifuniko anavyoumia. Miaka ishirini na tisa alikuwa anafika dakika kumi kabla ya king'ora. Zile dakika kumi zilikuwa mali yake, na sasa mtu amezifuta kwa sentensi moja.

Miezi kadhaa baadaye viti vyetu vikaondolewa, ikaletwa mifuko mikubwa ya kukalia iliyojazwa vipande vya sponji, mingine kijani, mingine rangi ya chungwa. Ilikuwa kama mtu amemwaga viazi vikubwa ukumbini. Msiniite alisema inaupa mwili uhuru. Bi Vifuniko aliuzunguka wake mara mbili, akautia kidole, akageuka, akakaa.

Akazama. Alikwenda chini polepole, kwa heshima zake zote, mpaka tukabaki tunaona kilemba, magoti, na mkono mmoja ulioshika kifuniko juu kama mtu anayevuka mto. Kila akijisukuma atoke, mfuko unamvuta tena. Msiniite alikuwa anapita, akasimama kumtazama kwa furaha.

"Unaona, mama? Mwili umepumzika."

"Mwili haujapumzika, mwanangu," sauti ikatoka ndani. "Mwili umekwama."

Ilibidi aitwe Winchi, mkuu wa wapakiaji, jitu la watu, ambaye alimshika mikono miwili na kumng'oa kama muhogo. Goti likalia ka. Ukumbi mzima ukasikia, hata mimi nisiyesikia pu na pwa.

Jioni hiyo aliandika barua. Aliandika kwa mkono, na karatasi ya kaboni chini yake, nakala tatu: moja ya meneja, moja ya jalada, moja yake. "YAH: KITI," iliandikwa juu, na mstari chini yake uliopigwa kwa rula. Alieleza historia ya goti, historia ya kiti, akamalizia kwamba anaomba kurejeshewa kiti hicho na anatanguliza shukrani. Akaipeleka kwa karani. Karani hakuwa na jalada la kuitia, maana majalada nayo yalikuwa yameondolewa, basi akaipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kundi la kazi. Baada ya nusu dakika jibu likaja. Bi Vifuniko alikuwa na simu ya kubonyeza isiyopokea picha, nikamwonyesha kwenye yangu.

"Hii nini?"

"Dole gumba, Bi."

"Naona ni dole gumba. Nauliza kiti kiko wapi humo kwenye dole."

"Maana yake amekubali. Au ameona. Au amefurahi. Inategemea."

"Na huyu aliyevaa miwani ya jua?"

"Huyo ni katuni tu. Anacheka."

Bi Vifuniko alinirudishia simu akiishika kwa ncha za vidole. "Nimeandika kurasa mbili," alisema, "nimejibiwa kwa kidole."

Jumatatu hakuja kazini. Alikuwa ameandika notisi ya mgomo, nakala tatu tena, lakini ubao wa matangazo ulikuwa umeng'olewa, kwa hiyo nakala ya uongozi alimkabidhi mlinzi wa getini. Mlinzi aliikunja akaitia mfukoni, akaisahau. Bi Vifuniko akavaa nguo zake za kutokea, akaketi barazani pembeni ya mumewe, akisubiri gari la kampuni lije kumbembeleza. Alikuwa ameshapanga maneno ya kukataa mara ya kwanza na maneno ya kukataa mara ya pili.

Kazini, Msiniite aliuliza yuko wapi.

"Amegoma," nikasema.

Akaangaza uso. "Safi sana. Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka. Mtu akihisi kuchoka, apumzike bila kuomba ruhusa."

"Hapana, amegoma. Kagoma kazi."

"Kila mtu na jina lake la kupumzika," akasema, akaenda zake.

Jumatano ikatafutwa picha yake ya zamani, ikakuzwa, ikabandikwa ukutani. Chini yake: Mfanyakazi Anayejijali Zaidi wa Mwezi. Nikaagizwa mimi jirani nimpelekee habari njema. Niliisema nikiwa nimesimama mbali kidogo. Fundi viatu alikuwa amebana misumari mitatu midogo midomoni. Kicheko kilipomtoka ikaruka yote, mmoja ukaingia kwenye kiatu cha mteja na mpaka leo haujulikani ni kiatu kipi.

Mkewe hakucheka. "Nimegoma siku tatu wamenipa tuzo," alisema. "Nikigoma mwezi si watanipa umeneja."

Alhamisi asubuhi akahamisha mgomo. Alichukua kigoda cha mumewe, akaenda kukaa nje ya geti la kiwanda, kando ya kibanda cha mlinzi, na kipande cha boksi kifuani kilichoandikwa kwa rangi ya viatu: NIMEGOMA. SIJAPUMZIKA.

Sasa, niseme kidogo kuhusu vifuniko. Tangu Jumatatu vilikuwa havikaguliwi na mtu, kwa sababu Msiniite alikuwa ameamua kila mmoja wetu awe mkaguzi wa kazi yake mwenyewe. Nasi tulikagua. Tulivitazama, vikatutazama, tukavipitisha. Saa nne hiyohiyo ya Alhamisi likaingia lori la mama mmoja mwenye duka la vyombo. Aliteremka akipapasa hewa, akamshika mkono mlinzi, akamwambia, "Meneja, hii ndiyo kazi gani?"

Ndani ya lori mlikuwa na ndoo themanini, zote zimefunikwa, na hakuna hata moja iliyokubali kufunguka. Alikuwa amezinunua Jumanne, akazifunika azipange dukani zipendeze, na zilipofunikwa zikawa zimefunikwa. Kibaya zaidi, alipokuwa akizifuta vumbi alivua miwani akaiweka ndani ya mojawapo. Ipi, hajui. Na kuitafuta bila miwani hawezi.

Zikashushwa ukumbini. Winchi akabana moja magotini akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kishikio kikatoka, kifuniko kikabaki. Fundi wa mashine akaja na bisibisi, bisibisi ikapinda. Tukaanza kuzitikisa moja moja tukisikiliza miwani, lakini mashine zilikuwa zinafanya kazi na kila ndoo ilionekana kuwa na miwani ndani.

Msiniite akapandisha mikono ya shati. Alikumbatia ndoo, akaweka mguu ukutani, akavuta kwa nguvu zake zote, mkono ukateleza, akaenda kinyumenyume hatua tano na kuangukia mfuko wa sponji wa kijani. Ukammeza. Tukaona viatu viwili, na ndoo juu ya tumbo. Alijaribu kutoka kushoto, akajaribu kulia. Kisha akatulia, na kwa muda mrefu akawa anatazama dari. Winchi alikwenda kumtoa kwa hatua za taratibu kidogo kuliko alivyokwenda kumtoa Bi Vifuniko.

Aliposimama alivuta nguo yake ikae sawa, akauliza kwa sauti ndogo, "Yule mama anapumzikia wapi?"

"Getini," nikasema. "Na amegoma."

Tulitoka wote, ndoo mikononi, mwenye duka katikati ameshikiliwa kiwiko. Msiniite akasoma lile boksi. Akalisoma tena. Naamini ndipo neno lilipomwingia.

"Mama, tuna tatizo la vifuniko."

"Najua. Jana majirani walinunua ndoo zenu, nikavisikia vikifungwa, vyote pwa. Lakini mimi nimegoma, bosi, sishiki kazi ya kiwanda."

Mwenye duka akageukia upande sauti ilikotoka. "Hizi si za kiwanda tena, dada yangu. Nilishazinunua, ni zangu."

Bi Vifuniko akalipima hilo. "Kweli," akasema. "Kumsaidia mtu njiani si kazi." Akavua boksi, akalilaza chini uso ukitazama juu ili mgomo uendelee, akavuta ndoo ya kwanza. Aliizungusha akiigonga ukingoni, akisikiliza, akafika mahali akasema "mm", akakandamiza hapo kwa kisigino cha kiganja, akainua upande wa pili. Kifuniko kikatoka kama kofia. Tukampangia foleni ya ndoo. Ya ishirini na tatu ndiyo iliyokuwa na miwani. Mwenye duka akaivaa, akamtazama mlinzi toka juu hadi chini.

"Kumbe wewe siye meneja."

"Siye," mlinzi akasema, kwa masikitiko kidogo.

Ndoo zote zilipokwisha, Msiniite hakurudi ndani. Alikaa chini kando ya kigoda, palepale kwenye vumbi, na zile suruali zake. "Mama," alisema, "mimi nilidhani nawapunguzia mzigo. Baba yangu alifanya kazi miaka arobaini, alikuwa anarudi nyumbani anatetemeka kwa kufokewa. Nikasema mimi sitakuwa hivyo. Mnataka nini?"

Bi Vifuniko alilisugua goti lake kama anayembembeleza mtoto. "Dada yangu alipofariki mwezi wa sita," alisema, "ulituma picha ya ua kwenye kundi, nikaonyeshwa kwenye simu ya mtu."

"Nilitaka kukufariji."

"Najua. Mama yangu alipofariki, yule mpiga kelele alikuja nyumbani. Hakusema la maana. Alikaa na wanaume kwenye benchi saa mbili nzima, akafukuza kuku wasiingie, akaondoka. Kesho yake akanifokea kwa vifuniko sita vibovu, na nikashukuru, maana nilijua bado nipo." Akavuta pumzi. "Sitaki kufokewa kila siku, mwanangu. Nataka ujue kwamba nimekuja. Na nikisema nimegoma, uone pengo."

Msiniite hakujibu haraka, na hilo lilimpendeza Bi Vifuniko kuliko jibu. Kisha akasema kiti kitarudi leo, na king'ora cha chai.

"Kwa barua," akasema Bi Vifuniko.

"Kwa barua."

"Yenye muhuri."

Hapo pakawa na kazi. Muhuri ulikuwa umeondolewa pamoja na majalada. Karani alitafuta kwenye makabati, fundi wa mashine akatafuta kwenye takataka za chuma, mwishowe ukaonekana stoo, umewekwa chini ya mguu wa rafu ili isicheze. Wino ulikuwa umekauka. Msiniite alivunja kalamu yake mwenyewe, akaupaka kwa kidole, akagonga, na kwa siku mbili alitembea na kidole cha buluu.

Kiti nacho kikatafutwa. Tulizunguka kiwanda kizima, mpaka Winchi alipomwomba mlinzi asimame kidogo. Alikuwa amekikalia muda wote, kibandani, ameking'iniza koti mgongoni, mita mbili kutoka kwa mgomaji. Bi Vifuniko alimtazama tu. Mlinzi akasema alidhani kimetupwa.

Tukajua yamekwisha. Lakini Bi Vifuniko alipokwisha kuisoma barua na kuikunja, hakuondoka ofisini.

"Na onyo langu?" akauliza.

"Onyo gani, mama?"

"Nimekosa kazini siku nne bila ruhusa. Ndoo themanini zimejifunga. Na wewe hunionyi? Basi nimegoma bure. Watu watasema nilikuwa likizo."

Msiniite alisema hajui kuonya watu. Bi Vifuniko akafunga mlango, lakini ukuta wa ofisi ile ni wa mbao nyembamba na sisi tulikuwa na kazi muhimu sana ya kufanya hapo koridoni.

"Simama," tukamsikia. "Huwezi kumsema mtu umekaa. Haya."

"Mama, sijapendezwa na—"

"Usianze na mama. Anza na wewe."

"Wewe. Wewe umekosa kazini siku nne."

"Niulize najiona nani."

"Kwani... unajiona nani?"

"Sauti."

"Unajiona nani?" Safari hii tuliisikia vizuri, na karani akaangusha kalamu. "Umeniacha na vifuniko ambavyo hata Winchi hawezi kuvifungua! Nimemezwa na mfuko mbele ya wateja! Hii ni kazi au ni uwanja wa michezo?"

Halafu sauti ya Bi Vifuniko, imelainika kabisa. "Nisamehe, bosi. Haitatokea tena." Na baada ya kitambo, "Hiyo ya uwanja wa michezo ilikuwa nzuri."

Alitoka na karatasi mbili mkononi, barua ya kiti na onyo la maandishi, na uso wa mtu aliyetoka kupokea nishani. Winchi alimpisha mlangoni, akavua kofia, akaingia. "Bosi," tukamsikia akisema, "mimi mwezi wa tatu nilichelewa siku mbili mfululizo na hukuniambia hata neno moja." Nyuma yake fundi wa mashine alikuwa tayari anasafisha koo. Mimi nilikuwa wa tano kwenye foleni. Nilionywa kuhusu kishikio kilichong'oka kwa Winchi, kwa haki kabisa, nikarudi mezani kwangu nimenyooka mgongo.

Jioni tulitembea pamoja mimi na Bi Vifuniko mpaka kwao. Mumewe alikuwa anamalizia soli. Akasomewa barua ya kiti, akaitikia kwa kichwa. Akasomewa onyo lote, kuanzia "mtajwa hapo juu" mpaka "hatua kali zaidi zitachukuliwa", na hapo akaweka nyundo chini.

"Mimi miaka thelathini najifanyia kazi mwenyewe," alisema. "Hakuna aliyewahi kunionya."

Nikaona kweli imemgusa. Bi Vifuniko naye akaona. Akanipa mimi mkoba wake nimshikie, akasimama mbele ya meza ya viatu, mikono kiunoni.

"Wewe," alisema. "Simama unaposemeshwa. Kuna mteja alileta kandambili tangu juzi, ziko wapi?"

Fundi viatu alisimama, akashusha mikono ubavuni, akainamisha kichwa. Alikuwa anajitahidi sana asitabasamu.